Jeneza la Baiskeli

Kitendawili!

Tega, mnasema. Haya. Nina punda wangu hali majani wala hanywi maji. Njiani ananibeba mimi, angani nambeba yeye.

Semeni basi. Ndege? Ndege habebwi, mwanangu. Kivuli? Umekaribia kidogo, maana nacho hakichoki kufuatana na mtu, lakini kivuli hakipigi kengele. Mmeshindwa? Nipeni mji.

Mbona mnanong'onezana? Mji gani huo mnaonipa bila kuutaja jina? Ahaa, mnaogopa. Haya, nimeupokea hivyohivyo. Nimekwenda, nimefika, nimekaribishwa, nimekula vya kuliwa, na jibu la kitendawili ni baiskeli. Na huko mlikonipeleka, wajukuu zangu, nimekuta watu wanaisindikiza baiskeli kwenda kuizika.

*

Nchi yenyewe ni nzuri. Naanza na sifa kwa sababu ndiyo sheria yao, mgeni husifu kwanza ndipo apewe kiti. Mkubwa wa nchi anaitwa Mheshimiwa Sana. Mawaziri wake ni Waheshimiwa Kiasi, na wakuu wa wilaya ni Waheshimiwa Kidogo. Sisi wengine huko tunaitwa Ndugu.

Siku moja Mheshimiwa Sana aliamka na wazo, na wazo lake likapigiwa makofi kabla hajalitoa. Kila raia anayejiweza aizunguke nchi yake kwa ndege, kwa treni na kwa baiskeli, yote katika safari moja. "Ndugu wananchi," alisema redioni, "ukiwa angani utaona tulikotoka. Ukiwa relini utaona tulipo. Na ukiwa juu ya baiskeli utaona tunakokwenda!"

Maneno mazuri kweli. Ila kuna jambo moja halikutangazwa, nadhani kwa kusahau tu. Sehemu ya baiskeli ilikusudiwa ifanyike uwanja wa mpira, mbele ya jukwaa, mizunguko michache, kisha kila mtu soda yake na nyumbani. Hakuna mkubwa aliyedhani kwamba mtu atatoka getini na kushika barabara.

Kombo akatoka.

Kombo alikuwa fundi cherehani, kijana mrefu, mcheshi, mtoto wa Bi. Mize wa pale stesheni ya Mwisho wa Reli. Alipanda ndege na baiskeli yake, akapanda treni na baiskeli yake, na kila alipofika penye simu alimpigia dada yake, Sikudhani. Mara ya mwisho alisema hivi:

"Dada, leo nimeona hospitali kutoka dirishani. Nyeupe pee! Wauguzi wamesimama nje wanatupungia mkono. Nimeshuka hapa kituoni, nirudi nyuma kwa baiskeli nikaione."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Si nimeambiwa niijue nchi yangu?"

"Ijue basi, lakini ujue na kula. Mama anasema umekonda hata sauti."

Akacheka. Mvua zikaja, zikaenda, mahindi yakavunwa. Kombo kimya. Bi. Mize na binti yake wakaenda ofisini kwa Mheshimiwa Kidogo kuuliza.

"Yuko ziarani," wakajibiwa. "Anaendelea kuijua nchi."

"Mpaka lini, baba?"

"Nchi ni kubwa, mama. Au wewe unaona ni ndogo?"

Bi. Mize akasema la, hasha, ni kubwa. Nani angesema ni ndogo?

Kisha ikaja habari kutoka makao makuu, ng'ambo ya milima. Baiskeli ya Kombo imeonekana uwanja wa ndege, na mtu aje aichukue kwa kuwa inaziba njia. Habari za Kombo mwenyewe hazikutajwa. Bi. Mize akamfungia binti yake mikate ya safari akamwambia, "Nenda. Usiniletee baiskeli tu. Niletee na neno. Nataka kujua mwanangu kapatwa na nini, nilale."

*

Sikudhani aliikuta imeegemezwa ukutani, mnyororo umeshika kutu, kengele bado inang'aa. Akaishika usukani kama mtu anavyomshika mtoto mabegani. Mkubwa wa mizigo akaja na miwani yake kwenye paji la uso.

"Hii ni nini?"

"Baiskeli, kaka. Ya ndugu yangu. Nataka kurudi nayo kwetu, ndege mpaka ng'ambo ya milima, kisha treni."

"Naona kwamba ni baiskeli. Nakuuliza ni nini kwa mujibu wa kanuni."

Kanuni za ndege za nchi ile zinatambua abiria, mnyama, barua na maiti. Kingine hakiruki, ila siku zile za ziara ya Mheshimiwa Sana.

"Inazungumza?"

"Haizungumzi."

"Basi si abiria. Inakula?"

"Labda mafuta kidogo, kwenye mnyororo."

"Huko si kula, huko ni kujipaka. Si mnyama. Ina stempu?" Akaizunguka akiitafuta stempu hata chini ya kiti. "Haina. Basi kwanza toa hewa kwenye matairi. Hewa ya chini hairuhusiwi kusafiri juu, hupasuka."

Sikudhani akainama, akalegeza vali. Hewa ikatoka polepole, ssss, matairi yakalala. Mkubwa wa mizigo akavua kofia.

"Pole sana, dada."

"Pole ya nini?"

"Imetoa pumzi yake ya mwisho mbele ya macho yangu. Mimi ni shahidi."

Ndivyo tatizo la kanuni lilivyokwisha. Akaitwa daktari wa uwanja, akaweka kipimo chake cha masikioni juu ya tairi la mbele, akasikiliza, akatikisa kichwa, akaandika: amekosa hewa. Mafundi wakaja wakang'oa gurudumu, wakageuza usukani, wakatoa pedeli, wakaizungushia sanda na kuilaza ndani ya jeneza. Iliingia sawasawa, utadhani ilipimwa. Sikudhani alicheka mpaka akakaa chini. Daktari naye akatabasamu, akainua kalamu.

"Jina la marehemu?"

"We daktari, baiskeli ina jina?"

"Mwenye nayo anaitwaje?"

"Kombo."

Akaandika: marehemu Kombo.

Hapo kicheko kikamkatika. "Futa," akasema. "Ndugu yangu hajafa. Mnasema yuko ziarani."

Mkubwa wa mizigo akamwinamia kwa upole. Watu wa serikali ile ni wapole sana, sijapata kuona. "Dada, hivi si afadhali? Mtu na kitu chake hawatengani. Ukifika kwenu mtazika, utaweka dole gumba, mtapumzika. Na sisi tutapumzika. Usipotaka, baiskeli itabaki hapa, na wewe utarudi mikono mitupu kwa mama yako."

Sikudhani akalitazama jeneza. "Nitalichukua," akasema. "Dole langu nalo nitarudi nalo."

Na kwa kuwa maiti hasafiri bila msindikizaji, serikali ikatoa wake, kusudi mambo yaende salama. Mtu mwembamba, koti la kazi limemzidi mabega, jina lake Afisa Ngwali. Walimchagua yeye, walisema, kwa sababu shauri hili analifahamu.

*

Ndani ya ndege jeneza lilifungwa nyuma kwa mikanda. Rubani alitoa rambirambi, kisha akawaomba abiria watazame chini waone misitu ya taifa. Sikudhani akatazama. Kweli, kijani mpaka upeo wa macho, kijani cha namna moja kama mlango uliopakwa rangi jana. Upepo ulipovuma, kona moja ya msitu ikainuka, ikapigapiga kama shuka kwenye kamba, ikatua tena. Chini yake palikuwa peupe. Abiria wote wakatazama magazeti yao.

"Umeona?" Sikudhani akamuuliza Ngwali.

"Nimeona misitu," Ngwali akajibu. Hakuwa ametazama.

Walipotua ng'ambo ya milima wakapanda treni, behewa la mwisho, ambalo ndilo la maiti. Lina benchi moja na dirisha moja. Sikudhani akakaa upande wa jeneza. Ngwali akakaa mbali, uso kwenye ubao. Treni ilipotikisika kwenye maungio ya reli, kengele ikalia ndani ya jeneza. Kling. Ngwali akaruka kidogo, akajifanya anarekebisha koti.

"Kaka Ngwali, kula mkate."

"Nimefunga."

"Kufunga kwa ajili ya nini? Au serikali imekuamuru usitafune?"

"Nimefunga tu, dada."

Kling.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo wakubwa wa nchi ile walipojikwaa, na akili zao zote zile. Kuna ada pale ambayo ni kongwe kuliko serikali. Anayeleta maiti ndiye hueleza alivyokufa. Haelezi ndugu, haelezi mkubwa. Anaeleza aliyefuatana naye njiani. Huketishwa jamvini, huoshwa mikono, huulizwa, "Alikufaje?" na mpaka aseme, hafukiwi mtu wala hakuna anayekula. Na hata vituo vya njiani, treni ikisimama na behewa la mwisho limefunguliwa, wanawake huja kutoa pole na kuuliza hilohilo. Wakubwa walijua kanuni zote za maiti, za mikanda, za sanda, za dole gumba. Hii waliisahau. Nadhani ni kwa kuwa wao hufiwa kwa taarifa.

Kituo cha kwanza wanawake walikuja wengi kuliko waliotazamiwa. Hawakupiga yowe. Walisimama tu wakilitazama jeneza, kanga zimefunika midomo. Mmoja wao, bibi wa makamo, akalipapasa ubao.

"Poleni wanangu. Alikufaje?"

"Taarifa itatolewa na mamlaka husika," Ngwali akasema.

"Sijaiuliza mamlaka, nimekuuliza wewe."

Treni ikaondoka. Kling. Sikudhani akawasikia nyuma wakisema, "Limelia. Mmesikia? Limelia."

Kituo cha pili walikuwa wanangoja tangu asubuhi. Huko treni haiendi haraka kama habari. Mwanamke mmoja akaweka kiatu cha mtoto wa kiume juu ya jeneza, akasema, "Mpeleke na huyu. Wangu alikwenda na treni hii hii, hakurudi hata kwenye sanduku." Mwingine akaweka kofia. Mwingine akawa hana kitu, akaweka kiganja tu, akakiacha hapo mpaka behewa lilipoanza kusogea, akatembea nalo, akakimbia nalo, mpaka jukwaa likaisha.

"Watu wangapi wamepita reli hii?" Sikudhani akauliza.

"Reli ni ya wananchi wote," Ngwali akasema.

Baada ya hapo wakaipita ile hospitali. Sikudhani aliitambua kabla ya kuambiwa. Nyeupe pee, madirisha ya buluu, wauguzi mlangoni wamenyanyua mikono. Nzuri, wajukuu zangu, mtu angetamani kuugua. Jua lilikuwa limekwenda magharibi na vivuli vya miti vimeelekea mashariki, ila vivuli vya wauguzi vilielekea kwingine. Wala mkono mmoja haukushuka.

"Hii ndiyo aliyoisema Kombo."

Ngwali akavuta kola ya koti.

"Kaka Ngwali, mbona hawashushi mikono?"

"Wana bidii ya kazi," Ngwali akasema, macho kafumba, na machozi yakawa yanamtoka hivyohivyo, bila sauti, kama maji kwenye mtungi uliopata ufa.  Sikudhani akamsogezea ncha ya kanga yake. Hakuipokea.

*

Mwisho wa Reli walikuta maturubai, vipaza sauti, makreti ya soda, na kaburi limeshajengewa saruji kuta zote, bado kufunikwa tu. Mheshimiwa Kidogo alikuwa amevaa miwani ya msiba. Jeneza likashushwa mbele ya nyumba ya Bi. Mize na kile kiatu na ile kofia ya vituoni bado juu yake, hotuba ikaanza.

"Marehemu alikuwa mpenda ziara! Aliitikia wito! Aliruka, akapanda treni, akanyonga pedeli, na leo amekwenda ziara ambayo hata serikali haina ratiba yake!" Watu wa ofisini wakapiga makofi, wakakumbuka ni msiba, wakayapunguza. "Sasa dada wa marehemu atuwekee dole gumba, tumsitiri ndugu yetu."

Wino ukaletwa. Sikudhani akaficha mkono ndani ya kanga.

Bi. Mize alikuwa ameketi jamvini karibu na jeneza. Alikuwa amelishika upande wa kichwa, au wa gurudumu. Akanyanyua uso.

"Mheshimiwa, tunashukuru. Msindikizaji yuko wapi? Aje aketi."

"Mama, hakuna haja. Ada hiyo ni ya watu."

"Kwani humu hamna mtu?"

"Humu, kusema kweli, mna bai..." Akakitazama kipaza sauti, ambacho kilikuwa kimewaka. Akautazama mhuri wa daktari. "Mna mtu."

"Na mtu hufa kwa jambo. Alikufaje?"

"Alikosa hewa."

"Baiskeli ndiyo hukosa hewa, baba. Mwanangu alikuwa na kifua kama mlango."

"Basi ni baiskeli!" Mheshimiwa Kidogo akafoka. Maneno yakatoka kwenye vipaza sauti vyote, yakaenda mpaka ng'ambo ya reli, yakarudi.

"Haya," Bi. Mize akasema taratibu. "Kama ni baiskeli, nifungulie niiegemeze ukutani kwangu, kisha nionyeshe Kombo alipo. Na kama ni Kombo, mwache aliyemleta aniambie. Chagua wewe, sisi tuko tayari kwa yote mawili."

Mheshimiwa Kidogo akafuta jasho. Akachagua, maana alikuwa na taarifa tayari. "Ngwali! Njoo usome ulichopewa, tumalize."

Ngwali akaja na karatasi yake. Bi. Mize akasogea kumpisha nafasi jamvini. Mbele yake palikuwa na bakuli la maji na sahani ya wali imefunikwa kwa kawa.

"Keti, mwanangu. Naambiwa hukula njia nzima. Wali huu ni wako, lakini wajua unakuja baada ya nini. Lete mikono."

Ngwali akaweka karatasi chini ili atoe mikono. Bi. Mize akammiminia maji mwenyewe, akazisugua zile kucha kama za mtoto anayetoka kucheza. Karatasi ikalowa, hakuna aliyeiokota. Maji yakasikika yakidondoka. Mheshimiwa Kidogo akasema, "Ngwali, soma," na Ngwali hakugeuka.

"Alikufaje?" Bi. Mize akauliza.

"Alibisha hodi, Mama."

"Wapi?"

"Pale hospitalini. Ile si hospitali. Ni mbao, zimechorwa upande wa reli, nyuma ni magogo ya kuzishikilia tu. Sisi tuliwekwa nyuma kuzilinda." Kipaza sauti kilikuwa bado kinawaka. Hakuna aliyesogea kukizima. "Alikuja kwa baiskeli, kwenye keria kampakia mama mmoja mwenye uchungu wa kuzaa. Hakumjua, alimkuta njiani. Nilimsikia akimwambia, 'Jikaze, tumefika, hii niliiona kutoka dirishani.' Akaja moja kwa moja mlangoni. Na treni ya Mheshimiwa Sana ilikuwa njiani, tumeamriwa mlango usiguswe, usije ukaanguka."

Sikudhani alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, mikono nje ya kanga.

"Akabisha," Ngwali akasema. "'Hodi, wenyewe, tuna mgonjwa.' Mbao zikatikisika. Tukanyamaza. Yule mama akashuka, akaanza kujikokota vichakani, nadhani yeye alishaelewa. Mwanao hakuelewa. Alidhani hatujasikia. Akabisha kwa nguvu zaidi. Ningeweza kuzunguka, Mama, nikamwambia, 'Kaka, hapa hapana kitu, mkimbize kwingine.' Ni hatua chache tu kuzunguka. Yuko palepale, tulimlaza nyuma ya mlango, baiskeli yake ikapelekwa makao makuu."

"Nimekuuliza alikufaje, mwanangu."

Ngwali akaitazama mikono yake iliyooshwa.

"Kila kitu kwenye mlango ule kilikuwa cha kuchorwa, Mama, isipokuwa tundu la ufunguo. Lile lilitobolewa kweli, kwa ajili ya mtutu wa bunduki. Akainama achungulie kama kuna mtu. Na mtu alikuwepo. Nilikuwa mimi."